Kijana Akitoweka Waithaka: Nani Aambiwe Nini, na Lini?

Bango la mtu aliyetoweka linapoanza kuzunguka katika makundi ya WhatsApp ya Waithaka, Kabiria na Riruta jijini Nairobi, mabishano hayachelewi. Mmoja anauliza mbona halina namba ya OB, yaani ya ripoti ya polisi. Mwingine analalamika kwamba ugonjwa wa kijana wa watu umeanikwa hadharani. Wa tatu anaishauri familia ingoje saa 24 ndipo iende polisi. Wa nne anaapa kwamba polisi wenyewe ndio waliomchukua. Bango linaendelea kupitishwa kutoka kundi hadi kundi, na wiki mbili baadaye bado linasambaa bila yeyote kujua iwapo aliyetafutwa alirudi nyumbani siku ile ile.

Makala haya yanachambua swali lililo chini ya kelele hizo: ni taarifa zipi ziandaliwe, lini, na zipewe nani, ili kijana asiyeweza kujilinda sawa na wenzake apatikane upesi bila kuongezewa jeraha jingine? Kijana huyo anaweza kuwa wa miaka 13 au 23. Pengine ana tawahudi, ulemavu wa akili, kifafa au maradhi ya akili. Pengine amelaghaiwa na mtu mtandaoni, au anakimbia kipigo cha nyumbani. Hali hizi hazifanani, na kuzichukulia kama kitu kimoja ni chanzo kikubwa cha mabishano yenyewe.

Mkanganyiko umetoka wapi

Chanzo cha kwanza ni imani ya saa 24. Hakuna sheria ya Kenya inayomlazimisha mzazi kungoja siku nzima kabla ya kuripoti. Imani hii imelelewa na filamu za kigeni na mazoea ya baadhi ya meza za kupokea ripoti, na ina mantiki yake ya zamani: mtu mzima mwenye akili timamu ana uhuru wa kulala atakako, na wengi hurudi wenyewe. Kwa kijana asiyeweza kutaja jina la mtaa wao, mantiki hiyo haisimami. Akipanda matatu Waithaka, kabla ya saa mbili kwisha anaweza kuwa katikati ya jiji au ng'ambo ya Kikuyu, na kila gari jingine analopanda linapanua eneo la kumtafuta mara dufu.

Chanzo cha pili ni kutoaminiana. Baada ya maandamano ya vijana ya Juni 2024, neno "ametoweka" lilibadilika uzito nchini. Kufikia mwisho wa mwaka huo, Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu (KNCHR) ilikuwa imehesabu visa 82 vya watu waliotekwa au kutoweka tangu Juni. Familia iliyosikia habari hizo, ikiamini vyombo vya usalama vilihusika, husita kupeleka jina la kijana wao kituoni, hata pale kutoweka kwake hakuhusiani kabisa na siasa.

Chanzo cha tatu ni hofu ya wezi wa watoto. Uchunguzi wa BBC Africa Eye wa Novemba 2020 ulionyesha jinsi watoto wachanga walivyokuwa wakiibwa na kuuzwa Nairobi, na tangu hapo wengi husoma kila bango kama kisa cha utekaji. Lakini vijana wenye tawahudi mara nyingi huondoka kwa miguu yao. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012 katika jarida la Pediatrics uligundua kwamba karibu nusu ya watoto wenye tawahudi waliochunguzwa, asilimia 49, walikuwa wamewahi kujaribu kuondoka mahali salama angalau mara moja baada ya kutimiza miaka minne. Anayemwaza mtekaji huanza kuchungulia magari ya vioo vyeusi. Kumbe mtoto yuko kando ya mto, anatazama maji.

Chanzo cha nne ni mpaka wa umri. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kisheria, na milango yake inajulikana: afisa wa watoto, simu ya bure 116, mashirika ya kutafuta watoto. Aliyetimiza 19 lakini fahamu zake ni za mtoto wa miaka saba anaangukia kwenye ufa. Ofisi za watoto zinamwona mtu mzima, na askari wa zamu anaweza kusema kijana wa umri huo labda ameenda kwa marafiki.

Usuli: sheria, ofisi na ardhi yenyewe

Katiba ya 2010 inaweka maslahi ya mtoto mbele katika kila jambo linalomhusu (Kifungu cha 53), na inalinda faragha ya kila mtu (Kifungu cha 31). Sheria ya Watoto ya 2022 imerudia yote mawili. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na inataka data ya mtoto itumike kwa idhini ya mzazi au mlezi na kwa njia inayomfaa mtoto. Sheria hiyo si jino lisilouma. Mnamo Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja ya Uthiru, jirani kabisa na Waithaka, faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Faini hiyo imewafanya baadhi ya walimu na wasimamizi wa makundi waogope hata kupitisha bango la mtoto aliyepotea. Hofu hiyo imevuka mpaka. Sheria yenyewe inaruhusu data kutumiwa pale uhai wa mhusika unapohitaji kulindwa. Picha ya kujipigia debe na picha ya kuokoa maisha hazipimwi kwa kipimo kimoja. Kinachobaki kuulizwa ni kiasi: je, kila neno lililo kwenye bango linasaidia kumpata?

Kwa upande wa ofisi, ripoti huandikwa katika kitabu cha matukio kituoni, maarufu kama OB, na upelelezi hufanywa na Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI), ambayo ina kitengo cha kupambana na ulanguzi wa binadamu na kuwalinda watoto. Kando yake wako afisa wa watoto wa kaunti ndogo, chifu na naibu wake, na wazee wa mtaa na wa Nyumba Kumi. Miongoni mwa mashirika, Missing Child Kenya, lililoanzishwa mwaka 2016, limejenga mazoea ya kutengeneza na kusambaza mabango ya watoto waliopotea na pia ya waliopatikana wasiojulikana kwao. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu huwasajili watu na kuwapa kadi, na kadi hiyo yaweza kuwa ushahidi wa kwanza wa kumshawishi askari kwamba huyu wa miaka 19 si kijana aliyelala kwa rafiki.

Ardhi nayo ina kauli. Waithaka ni wadi ya eneobunge la Dagoretti Kusini, pamoja na Mutu-ini, Ngando, Riruta na Uthiru/Ruthimitu. Upande mmoja kuna msongamano wa Kawangware. Upande mwingine, mwendo mfupi tu, ni Kaunti ya Kiambu. Kijana anayetembea moja kwa moja hubadilisha kaunti, chifu na kituo cha polisi bila kujua amevuka chochote. Reli ya zamani inapita Dagoretti kuelekea Kikuyu. Barabara ya Southern Bypass ina magari ya kasi. Mto Nairobi, unaoanzia kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, unapita pande hizi ukielekea mjini. Kila kimoja kati ya hivi kinapaswa kuonekana kwenye taarifa za kutafuta, kwa sababu kijana anayevutwa na treni na yule anayevutwa na maji hawatafutwi mahali pamoja.

Msimamo wa kwanza: tangaza kila kitu, kila mahali

Wanaoshikilia msimamo huu wanasema macho elfu moja ni bora kuliko gari moja la polisi. Makanga, watu wa bodaboda, mama mboga na walinzi wa mageti wako barabarani tangu alfajiri, na bango huwafikia kabla ya faili kuhama kutoka meza moja hadi nyingine. Bango halina gharama. Tena halijui mpaka wa Nairobi na Kiambu.

Nguvu hiyo ni ya kweli, hasa kwa kijana aliyepotea njia. Lakini ina bei. Picha ikishatoka hairudi. Kijana wa miaka 14 aliyeandikwa "ana matatizo ya akili" atatafuta kazi akiwa na miaka 24, na bango lile bado litakuwa kwenye simu ya mtu. Pili, bango lenye jina kamili, shule, ugonjwa na namba ya mama ni zawadi kwa tapeli. Atapiga simu aseme, "Tuko naye hapa, tuma pesa ya matibabu," na kwa kuwa kila alama ya mwili imeshachapishwa, familia haina la kumpima nalo. Kutangaza zawadi ya pesa huwaongeza wapigaji wa namna hiyo. Tatu, bango hudhania kwamba nyumbani ni mahali salama. Msichana aliyekimbia mjomba anayemnajisi anaweza kurudishwa kwa mjomba huyo na majirani wema kabisa, kwa kuwa namba iliyo kwenye bango ni yake.

Msimamo wa pili: polisi kwanza, mengine baadaye

Wa upande huu wanasema kutafuta mtu ni kazi ya wenye mamlaka. Polisi ndio wanaoweza kuiomba kampuni ya simu rekodi za mawasiliano, kutaka picha za kamera kabla hazijafutwa, na kuuliza vituo vingine kama kuna kijana asiyejulikana anayeshikiliwa. Namba ya OB humfungulia mzazi milango ya hospitali na mochari, na humpa msomaji wa bango hakika kwamba kisa ni cha kweli. Zaidi ya hayo, mambo mazito, kama jina la mtu anayeshukiwa kumlaghai kijana, yana mahali pa kuandikwa bila kuzua fujo mtaani.

Udhaifu wake unajulikana na kila aliyewahi kusimama mbele ya kaunta. Maandishi ya OB huwa mafupi: jina, umri, mavazi, mara ya mwisho kuonekana. Hakuna anayeuliza kama kijana hujificha akisikia king'ora. Taarifa za kituo kimoja zinaweza kuchelewa kufika kituo kilicho kilomita chache ng'ambo ya mpaka wa kaunti. Kwa familia zenye kumbukumbu ya 2024, kuambiwa "ngojeni polisi" ni sawa na kuambiwa zikae kimya. Na kwa kijana aliye karibu na maji au reli, ukimya wa saa sita ni mrefu kupita kiasi.

Msimamo wa tatu: andika kabla siku haijafika

Msimamo huu umekomaa zaidi Uingereza. Huko kuna Herbert Protocol, fomu inayojazwa na familia ya mtu mwenye maradhi ya kusahau kabla hajapotea. Imepewa jina la George Herbert, askari wa zamani aliyeshiriki kutua Normandy mwaka 1944 na ambaye uzeeni aliishi na maradhi hayo. Fomu inaeleza alikowahi kuishi, njia alizozizoea, dawa zake, mambo yanayomtuliza. Akitoweka, familia hukabidhi karatasi badala ya kujaribu kukumbuka huku ikilia. Polisi wa huko wametumia wazo hilo hilo kwa vijana wanaoishi katika makao ya malezi.

Hoja hii haina ugeni kwetu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mzazi aliyejawa hofu hakumbuki rangi ya soksi, sembuse jina la dawa ya kifafa. Alichoandika Jumapili akiwa ametulia kina thamani kuliko atakachotamka Alhamisi usiku mbele ya askari mwenye haraka.

Hata hivyo daftari nalo huzeeka. Picha ya miaka miwili iliyopita ya kijana aliyevunja ungo au kubalehe ni picha ya mtu mwingine. Familia za wapangaji zinahama, na anwani, majirani na njia hubadilika. Wengi hawajawahi kupata jina la kitabibu la hali ya mtoto wao. Wanajua tu "yuko tofauti". Wapo pia wanaoona kuandika ni kuita balaa. Na kuna swali la haki: kijana anayeweza kueleza matakwa yake anapaswa kuulizwa nini kiandikwe juu yake. Daftari lililojazwa kwa siri akiligundua, linaweza kuwa ndilo litakalomfukuza nyumbani.

Msimamo wa nne: alama na vifaa

Wengine husema maneno ya nini, mvike kijana kifaa. Saa yenye GPS, bangili, kadi shingoni. Faida yake haipingiki kwa kijana asiyezungumza: anayempata ndiye anayepata taarifa, hapo hapo, bila kuwa ameona bango lolote. Mapungufu nayo ni ya wazi. Saa inataka chaji na bando, inavutia wezi, na vijana wengi wenye tawahudi hawavumilii kitu kinachobana mkono. Kadi yenye jina kubwa shingoni humpa mtu mbaya njia ya kujifanya anamfahamu: "Njoo, mama amenituma."

Kuna njia nafuu isiyotaka umeme: namba mbili za simu, bila jina, zilizoshonwa au kuandikwa kwa wino usiofutika upande wa ndani wa kola, mkanda wa suruali na ulimi wa kiatu. Anayetaka kusaidia ataziona. Anayepita njia hataziona. Lakini namba hizo nazo zinafaa tu kama laini bado inafanya kazi na simu inapokelewa na mtu anayejua la kufanya.

Mizani: kosa ni kumsahau msomaji

Misimamo minne inagongana kwa sababu kila mmoja unamfikiria msomaji tofauti na kuita anachohitaji "taarifa". Wa kwanza unamfikiria mpita njia, wa pili mpelelezi, wa tatu mtafutaji, wa nne aliyekwisha kumpata. Mabango mengi hushindwa kwa kuandikwa na wanaompenda kijana, kwa macho ya wanaompenda. Hueleza yeye ni nani. Mgeni anahitaji kuambiwa ataona nini, na afanye nini akikiona.

Chukua makanga kwenye steji ya Kawangware saa kumi na mbili jioni. Gari linajaa, mvua inanyesha, kioo cha simu kimepasuka. Bango linasema: "Mvulana, miaka 17, urefu wa wastani, maji ya kunde, mpole, mcha Mungu, mara ya mwisho alikuwa na fulana nyeusi." Maelezo hayo yanafaa nusu ya abiria wake. "Mpole" na "mcha Mungu" ni kweli ya mama. Makanga hawezi kuviona kwenye siti ya nyuma. Sasa linganisha na bango hili la kubuni:

"ANATAFUTWA. Mvulana wa miaka 17, anaitikia 'Kaka'. Anatembea kwa ncha za vidole na huziba masikio kukiwa na kelele. Hajibu maswali, hurudia unachosema. Fulana nyeusi, kandambili za bluu, kovu juu ya nyusi ya kushoto. Alionekana mwisho Waithaka, Jumanne saa tisa alasiri. Huenda akaingia kwenye ploti au gari la watu: si mwizi, amepotea. Usimkimbize wala usimshike. Simama mbali kidogo, mpe maji, piga simu hii au peleka habari kituo cha polisi kilicho karibu. OB namba kadha, ya tarehe kadha."

Bango hili halitaji ugonjwa wowote, na bado linamweleza kijana kuliko jina la ugonjwa lingemweleza. Neno "tawahudi" halimwambii kitu makanga ambaye hajawahi kulisikia; kuziba masikio anakuona kwa macho yake. Kwa hiyo faragha na ufanisi, ambavyo wabishi wa WhatsApp huvigonganisha, hapa vinakwenda pamoja: unapoeleza kinachoonekana, huhitaji kufichua kisichoonekana.

Sentensi ya "si mwizi" nayo ina uzito wake. Katika mitaa yetu, kijana asiyejibu anapoulizwa "wewe ni nani?" ndani ya ploti ya watu saa nane usiku anaweza kuuawa na umati kabla ya kupambazuka. Bango lililofika kwa mlinzi mapema linaweza kuwa kinga yake pekee.

Kutokana na hayo, daftari moja la nyumbani linapaswa kuzaa karatasi tatu.

Ya kwanza ni ya umma, fupi kama mfano ulio juu. Picha ziwe mbili, za karibuni: moja ya uso na nyingine ya mwili mzima, bila sare ya shule na bila watoto wengine. Alama moja ya mwili izuiliwe kwa makusudi. Huo ndio ufunguo wa kumpima anayepiga simu kudai yuko naye.

Ya pili ni ya watafutaji walioaminiwa: mzee wa mtaa, mwenyekiti wa bodaboda, walinzi, watu wa kanisa au msikiti. Hii inaeleza mienendo: anapenda nini, anaogopa nini, aliwahi kupatikana wapi, anaitika kwa Kikuyu au kwa Sheng, akichoka hujilaza wapi. Kama anapenda maji, mtu aende mtoni kabla ya kwenda stejini. Watafutaji wagawane sehemu na kuandika walikokwisha kupita, la sivyo watu ishirini watazunguka soko moja na kuliacha bonde zima.

Ya tatu ni ya polisi, afisa wa watoto na hospitali. Hapa ndipo penye jina kamili, namba ya cheti cha kuzaliwa au kitambulisho, hali ya afya, dawa na saa zake, meno, makovu yote, namba za simu na akaunti za mitandao. Pawe pia na namba ya IMEI ya simu, ambayo hupatikana kwa kubonyeza *#06# wakati simu ingalipo mkononi. Pia mambo ambayo familia hupenda kuyameza: ugomvi wa usiku uliotangulia, mpenzi asiyekubalika nyumbani, kutoweka kwa awali, mtu anayetiliwa shaka. Kuficha ugomvi ili kulinda heshima ya nyumba ni kumtuma mpelelezi upande usio wake. Karatasi hii isipigwe picha na kutumwa kwenye kundi lolote, hata la ukoo.

Lini kutangaza, lini kunyamaza

Swali gumu zaidi ni la muda, na jibu linategemea hatari inatoka wapi. Kama hatari ni mahali, yaani barabara, mto, reli, baridi au umati, basi kila dakika ya ukimya ni hasara. Ripoti kituoni na utangaze karatasi ya kwanza ndani ya saa ile ile. Mmoja aende polisi, mwingine atume bango, wa tatu abaki nyumbani, maana wengi hurudi wenyewe na kukuta mlango umefungwa.

Kama hatari ni mtu, yaani aliyemlaghai, aliyemteka au anayemdhulumu nyumbani, tangazo la haraka linaweza kumfanya mtu huyo ahame, afute ushahidi au adhuru. Hapo polisi na afisa wa watoto watangulie, na bango litoke kwa ushauri wao. Namba ya kupigiwa iwe ya ofisi au ya mtu asiye sehemu ya tatizo. Jirani anayempata kijana asiyetaka kurudi kwao ana wajibu wa kuuliza kwa nini, na kupiga 116 au 999 badala ya kumkokota hadi mlangoni.

Na kama haijulikani hatari ni ipi, ambayo ndiyo hali ya kawaida? Umri na uwezo ndivyo viamue. Kwa asiyeweza kuvuka barabara peke yake, mahali humuua upesi kuliko mtu, kwa hiyo tangaza. Kwa msichana wa miaka 16 mwenye fahamu zake, aliyeondoka na begi na chaja, anza kwa kuwauliza rafiki zake kwa upole, peleka karatasi ya tatu kituoni, na ungoje kidogo kabla ya kumwanika.

Kanuni hii ina gharama, na haifai kufichwa. Kuna kijana atakayechelewa kupatikana kwa sababu familia ilidhani hatari ni mtu kumbe ilikuwa mto. Kuna mwingine atakayeaibishwa na bango ambalo halikuhitajika. Lakini kati ya aibu inayoweza kupunguzwa kwa kuandika kwa uangalifu, na kifo kisichorekebishika, mizani inalalia upande wa kutangaza pale kijana hana uwezo wa kujilinda. Papo hapo mizani hiyo hiyo inadai bango liwe na ukomo: tarehe, namba ya OB, na siku ya kupatikana ujumbe mmoja tu, "Amepatikana, tafadhali futeni," bila hadithi ya alikokuwa wala picha akiwa hospitalini. Anayedai maelezo zaidi kwa kuwa alisaidia kusambaza hadai haki yoyote; alisaidia kumtafuta mtu, hakununua habari zake.

Muhtasari

Hakuna sheria ya kungoja saa 24. Kutangaza kuna kasi lakini hakufutiki. Polisi wana mamlaka lakini taarifa zao huwa finyu na hukwama mipakani. Daftari la mapema huokoa muda lakini huzeeka. Vifaa humsaidia asiyesema lakini huisha chaji na huibwa. Hakuna njia moja inayotosha, na nguzo ya kuziunganisha ni daftari lililoandikwa mapema, kwa kumshirikisha kijana kadiri awezavyo, na kupitiwa upya kila muhula shule zinapofungwa.

Kutoka humo zitoke karatasi tatu: ya mgeni, inayoeleza kinachoonekana na cha kufanya, ya mtafutaji, inayoeleza mienendo, na ya mamlaka, inayoeleza yote. Hatari ikiwa mahali, karatasi ya kwanza itoke mara moja. Hatari ikiwa mtu, ya tatu itangulie. Na kwa kaunti, machifu na vituo vya Dagoretti Kusini, kazi iliyobaki ni ndogo na haihitaji bajeti kubwa: fomu ya ukurasa mmoja kwenye ofisi ya chifu, zahanati na shule, na makubaliano na wenzao wa ng'ambo ya mpaka wa Kiambu kwamba bango la upande mmoja litasomwa upande wa pili usiku ule ule. Kijana anayetembea kwa ncha za vidole hajui kaunti inaishia wapi.